Duara Jekundu Kitakoni mwa Risasi

Kettle Run, Kaunti ya Potter, Pennsylvania
Septemba 22, 1974

Clete, mdogo wangu,

Barua yako ilifika Jumatano. Nimeiacha juu ya meza siku nne nikiikasirikia, leo nimepoa. Ati kwa nini kila mwaka nakupa risasi zilezile, kama mganga mwenye dawa moja? Haya, kaa kitako nikueleze kwa mara ya ishirini.

Sisi tunawinda wapi? Msituni. Kulungu unamwona akiwa hatua arobaini, hamsini, na katikati yenu kuna matawi. Unataka kichwa cha risasi kizito, cha uzito wa punje mia na themanini, chenye pua laini ya madini ya risasi. Kinakwenda taratibu, kikifika kinafunguka na kupita, mnyama anaanguka palepale. Hicho chepesi unachokitamani kina mbio kweli, lakini kinapasukia begani, nyama inakuwa uji, na kulungu anakwenda kufia kwenye kinamasi cha mtu mwingine. Tulimfuata mmoja wa namna hiyo mwaka wa sitini na moja, kutwa nzima, kwenye theluji. Aliyempiga simtaji jina, maana ndiye anayesoma barua hii.

Na baruti natumia ile ya polepole, ya vijiti virefu, kwa sababu inajaza ganda mpaka shingoni. Ukisahau ukaimimina mara mbili, inamwagika mezani, unajiona mjinga, unafagia, yamekwisha. Baruti ya haraka ni kiasi kidogo tu kinachotosha, ganda linabaki na nafasi, ukikosea halikwambii kitu. Mimi nina miaka sitini na sita. Nataka baruti inayonipigia kelele nikikosea.

Nyonga inaniuma sana. Daktari anasema mwaka huu kambini kuwinda nisiende. Nimemwambia nitafikiri, lakini sina cha kufikiri, hata ngazi ya jikoni naipanda kwa kushika ukuta. Kwa hiyo Jumatatu ya kufungua msimu wa kulungu mtakwenda bila mimi, mara ya kwanza tangu baba afe. Risasi zenu nitazijaza kama kawaida.

Kaka yako,
Orval


Akron, Ohio
Oktoba 6, 1974

Kaka Orval, shikamoo.

Pole na nyonga. Ungemsikiliza daktari tangu mwaka jana, lakini wewe husikilizi mtu, hata mimi ambaye nasikiliza watu wote.

Nina habari, na naiandika polepole ili niionje vizuri. Nadine kanipigia simu. Ndiyo, Nadine wangu. Wewe unajua miaka saba hakuniita baba, tangu nilipomwacha mama yake na ugonjwa wake nikaja huku kiwandani. Pasaka alinipa mkono tu. Safari hii kasema, "Baba, Merle hajawahi kuwinda. Anataka wewe ndiye umpeleke." Kaka, nilikaa chini kwenye sanduku la viatu. Nina miaka hamsini na minne na sina mtu mwingine duniani ila huyo mtoto na wewe. Nikiharibu safari hii sitapata nyingine.

Mkwe wangu Merle ni kijana mzuri, anakata mbao kwenye kiwanda cha pale Coudersport, mikono yake imetulia. Nitampa atumie bunduki ya baba, mimi nitashika ile yangu fupi. Nitamkalisha ukingoni mwa shamba la Haas, pale penye nafasi, ambako kulungu wanapita hatua mia mbili. Kwa hiyo ndiyo maana naomba vichwa vyepesi, punje mia na hamsini. Mara moja tu, kwa ajili ya Merle. Nataka apate.

Halafu usicheke. Nimenunua mashine ya kujazia, ya mtu wa hapa kazini aliyestaafu. Nimeshajaza za bastola, hakuna aliyekufa.

Mdogo wako,
Clete


Kettle Run
Oktoba 20, 1974

Clete,

Nimecheka mpaka nyonga ikanikumbusha adabu. Wewe na mashine! Wewe ambaye hata maji ya kahawa unayachemsha mpaka sufuria inalia!

Habari ya Nadine imenifurahisha kuliko zote mwaka huu. Mke wangu Thelma angekuwa hai angeoka kitu. Sasa usimharibie mtoto kwa vituko vyako. Kichwa kizito kinafika hatua mia mbili bila shida, mwambie Merle alenge juu kidogo ya mstari wa moyo. Vyepesi sijazi. Nimekataa, na kesho ukiniuliza nitakataa tena.

Nimejaza ishirini, ziko kwenye boksi la kijani, nimemwachia Nadine alipopita na maboga. Kila moja nimeipima kwenye mizani, kila moja kitakoni nimeizungushia rangi ya kucha ya Thelma, ile nyekundu. Chupa inakaribia kuisha na sijui nitafanya nini ikiisha, maana sitaki kununua nyingine. Rangi ile ndiyo sahihi yangu. Maana yake nimeikagua na nimeridhika. Risasi isiyo na duara jekundu si yangu, usiitie kwenye bunduki ya baba.

Na kwa kuwa una mashine, chukua sheria mbili za bure. Mezani kopo la baruti ni moja tu, jingine lisionekane hata kwa mbali. Na kopo likiisha, litupe. Usilitie kitu kingine, hata siku moja, hata kama unajiambia utabandika karatasi baadaye. Hutabandika. Nakujua.

Salimia kambi. Mnikatie kipande cha mgongo.

Kaka yako,
Orval


Kettle Run
Desemba 8, 1974

Clete,

Nadine alinipigia simu Jumatatu ileile ya kulungu, saa tatu asubuhi, akiwa hospitalini, sikuelewa hata neno moja mpaka muuguzi alipochukua simu. Tangu siku hiyo nimekusubiri uandike. Sasa naandika mimi.

Wamemng'oa Merle jicho la kulia. La kushoto linaona mwanga tu, na daktari hakuahidi zaidi. Nilikwenda Alhamisi, jirani alinipeleka. Amefungwa kichwa kizima. Aliposikia fimbo yangu akasema, "Ni Baba Mkubwa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Sikumwona hata kulungu." Nadine alikuwa amekaa pembeni ameshika kikombe kitupu. Aliniamkia, lakini hakuniangalia.

Fundi wa bunduki wa mjini kaniambia komeo la bunduki ya baba lilirudi nyuma na chemba, pale risasi inapokaa, imepasuka kama ganda la njugu. Kasema si bunduki iliyokosa. Ni risasi. Baruti iliyokuwa ndani ilikuwa ya haraka mno na nyingi mno.

Sijalala vizuri. Ile yangu haiwezi kuzidi, nilikwambia mwenyewe, inamwagika. Kwa hiyo kama ni yangu, basi nilishika kopo jingine. Ninalo kopo moja la baruti ya bastola, liko rafu ya chini, la bastola ya Thelma ya kufukuzia mbweha. Nimejaribu kukumbuka kama nililipandisha mezani. Naona sikulipandisha. Lakini ndivyo mtu anavyoona.

Wewe ulikuwa hapo. Wewe ndiye uliyeokota lile ganda, Nadine kaniambia hivyo. Nakuuliza neno moja tu, Clete: kitakoni palikuwa na duara jekundu, au hapakuwa? Nijibu mara moja. Na zilizobaki kwenye boksi niletee.

Kaka yako,
Orval


Akron
Desemba 15, 1974

Kaka Orval,

Samahani kwa kuchelewa. Mkono ulikuwa mzito.

Lilikuwepo. Duara lilikuwa jekundu. Lilikuwa limeungua upande mmoja lakini rangi ilionekana.

Zilizobaki nilizitupa mtoni siku ileile, nilipandwa na hasira, sikufikiri. Hata ganda lenyewe.

Kaka, usijitese. Ni bahati mbaya. Hata Nadine nimemwambia hivyo, kwamba kaka umri umekwenda, hakukusudia. Hana kinyongo. Mimi nimeanza kwenda kwao kila Jumamosi, saa tano za barabara, nampasulia kuni na kumnyoa Merle ndevu. Juzi aliniambia, "Baba, usingekuwepo wewe sijui ningefanyaje."

Jitunze. Theluji ikizidi usitoke.

Mdogo wako,
Clete


Kettle Run
Januari 12, 1975

Clete,

Asante kwa kunijibu kweli. Najua haikuwa rahisi kumwambia kaka yako jambo kama hilo.

Nilikuwa nimebakiwa na thelathini na mbili za siku ileile, kutoka mkebe uleule. Nimezifungua zote. Unajua kazi yake, kuichomoa kila moja kichwa, kumwaga, kupima. Imenichukua siku tisa kwa sababu nilipima kila moja mara tatu. Zote ziko sawa. Hakuna iliyozidi hata nusu punje. Zote vijiti virefu.

Nilitamani nikute hata moja mbovu, Clete. Ningekuta mbovu ningejua mkono uliteleza wapi. Lakini thelathini na mbili ziko sawa, na moja ikamtoa mtu macho, na ina rangi yangu. Maana yake nilikaa hapa mezani, nikaenda rafu ya chini, nikachukua kopo jingine, nikajaza, nikapima, nikapaka rangi, nikalirudisha kopo, na sikumbuki. Kichwa kilitoka kikarudi.

Unamkumbuka baba alivyoanza. Alitia mafuta ya taa kwenye birika la kahawa, na tulipomwuliza akacheka, akasema mmetia ninyi. Alikuwa na miaka sitini na saba. Mimi natimiza mwezi wa tatu.

Sasa nisaidie, maana mwenye ugonjwa huu hajioni. Ulikuwa hapa wiki nzima mwezi wa saba. Uliniona nikifanya jambo lolote? Niliuliza kitu mara mbili? Nilisahau jina? Usinionee huruma. Ukisema hukuona kitu nitakuamini, nitatafuta sababu nyingine. Ukisema uliona, nitajua la kufanya, kabla sijamwumiza mwingine. Barabarani kuna watoto wa shule asubuhi na mimi ninaendesha gari.

Kaka yako,
Orval


Akron
Februari 2, 1975

Kaka,

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Sitaki kusema uongo.

Ni vitu vidogo tu. Kweli mwezi wa saba uliniuliza mara mbili kama nimefunga banda la kuku. Na siku moja ulimwita Nadine Thelma. Lakini nani hafanyi hivyo? Hata mimi nasahau funguo.

Kama unaona gari linakutia wasiwasi, basi usiendeshe. Si vibaya mtu kupumzika. Wewe umebeba kila kitu tangu baba augue. Labda sasa ni wakati wa kubebwa.

Merle ameanza kwenda chooni peke yake, anahesabu hatua.

Mdogo wako,
Clete


Nyumba ya Wazee ya Kaunti
Mei 18, 1975

CLETE,

Naandika kwa maandishi makubwa kwa sababu macho yana ukungu. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, atanipasua zamu yangu ikifika. Naona mstari ninaouandika, ule wa juu yake sioni.

Nyumba imeuzwa. Waliochukua ni mke na mume wa Philadelphia, wanasema wataitumia majira ya joto. Mashine na mizani nimempa fundi wa mjini. Meza ilikuwa imepigiliwa ukutani, imebaki nao, nasikia wameweka maua. Chupa ya Thelma ninayo, iko kwenye droo, imekauka. Sehemu kubwa ya pesa nimempa Nadine kwa ajili ya Merle. Alikataa, nikamwambia asinikatalie, nikalia, akachukua.

Niko chumba kilekile cha baba, au cha jirani yake, vyote vimepakwa rangi moja. Mwenzangu wa kitanda cha pili anaita ng'ombe kwa majina tangu alfajiri. Wananipa karatasi ya kuchora saa, kunipima akili. Naichora vizuri. Muuguzi anasema, "Leo una siku nzuri, Orval." Kila siku nina siku nzuri, Clete. Naisubiri ile mbaya nijue inafananaje, haiji. Nadhani ndivyo inavyokuwa, huioni.

Nadine anakuja kila Alhamisi. Sikustahili. Ananiletea soseji ya kulungu ya jirani, ananikata kucha. Wiki iliyopita aliniambia, "Baba Mkubwa, ningetaka kukuchukia, nimejaribu, siwezi." Nikamwambia ajaribu tena, akacheka kidogo. Una binti mwema.

Usijisumbue kuja. Saa tano za barabara ni mbali.

KAKA YAKO,
ORVAL


Akron
Novemba 16, 1975

Kaka Orval, shikamoo.

Tangu Mei hujaniandikia, na mimi sijakuandikia. Nadine kaniambia macho hayajapasuliwa bado lakini afya ni nzuri. Natumaini unaweza kuisoma hii. Isome ukiwa peke yako, halafu ichome.

Nadine amenialika Sikukuu ya Shukrani. Amesema na wewe utaletwa, mezani tutakuwa wanne, na kabla ya kumkata bata mzinga Merle atasimama akwambie kwamba amekusamehe. Kajifunza maneno. Aliniambia kwa simu kwa furaha, akasema, "Baba, wewe utamshika mkono Merle ampate Baba Mkubwa alipo."

Haikuwa yako.

Uliponinyima vyepesi nilikasirika. Nilinunua vichwa vya punje mia na hamsini nikajaza tano mwenyewe, huku Akron, kwenye chumba cha chini. Ulikuwa umenipa baruti yako kopo nusu mwaka wa sabini na mbili, na kitabu chako cha vipimo. Nilitumia kipimo chako. Lakini kopo lile lilikuwa limekwisha zamani, nililimaliza kwa mambo ya kijinga, na kopo langu la baruti ya bastola liliposhika kutu nikaihamishia humo. Nilijiambia nitabandika karatasi. Ulisema sitabandika. Zilipita wiki nyingi, nikaona jina la nje, nikasahau cha ndani. Nilipomimina niliona ni laini, punje ndogo za mviringo kama mbegu za haradali. Nikadhani imesagika garini nilipoisafirisha. Ndivyo nilivyodhani. Mtu yeyote aliyekaa na wewe mezani hata siku moja angejua.

Asubuhi ile nilitoa tano zako kwenye boksi la kijani nikatia zangu tano. Merle aliniuliza, "Hizi nani kajaza?" Nikamwambia, "Kaka. Duniani hakuna anayejaza kama kaka." Nilisema kwa sababu nilitaka asiogope. Ya kwanza aliyoitia ilikuwa yangu. Hakuona kulungu, alikuwa anajaribu shabaha kwenye kisiki, mimi ndiye niliyemwambia ajaribu.

Ganda halikuwa na rangi yoyote. Nilizotupa mtoni pamoja nalo ni zangu nne zilizobaki; zako ishirini ziko hapa, nyekundu zote.

Barua yako ya Desemba ilipofika nilikuwa nimeshaandika ukweli, karatasi mbili. Halafu Nadine akanipigia, akasema usingekuwepo wewe sijui ningefanyaje. Nikachana. Ukaniuliza habari ya mwezi wa saba, nikakupa banda la kuku. Uliuliza mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikukujibu, nilikuwa nasikiliza mpira redioni. Na Nadine hukumwita Thelma. Hilo nililitunga.

Huna ugonjwa, kaka. Hujawahi kuwa nao. Mwambie daktari wako, mwambie fundi akurudishie mashine, mwambie yeyote unayemtaka. Lakini Nadine asijue. Nakuomba kama nilivyokuwa nakuomba tulipokuwa wadogo. Nimekaa miaka saba bila yeye, najua ilivyo. Akijua nimekwisha. Sikukuu nitasema ninaumwa. Wewe nenda, Merle akisema maneno yake yapokee tu, yakuingie sikio moja. Wewe ni mtu mkubwa, unaweza. Mimi siwezi.

Ukiweza nisamehe. Ukishindwa, basi choma tu.

Mdogo wako,
Clete


Coudersport, Pennsylvania
Novemba 28, 1975

Kwa Clete,

Barua yako kwa Baba Mkubwa ilifika Alhamisi ya tarehe ishirini. Alhamisi ni siku yangu. Hawezi tena kusoma, tangu mwezi wa nane mimi ndiye ninayemsomea, gazeti, barua za kanisa, kila kitu. Aliishika bahasha akaipapasa, akauliza imetoka wapi. Nikamwambia, "Imetoka kwa Baba, Akron." Alifurahi. Alijikalisha vizuri kitandani, akamwambia yule mzee wa ng'ombe anyamaze, mdogo wake kaandika.

Niliisoma kwa sauti. Ulipoandika aisome peke yake nilidhani ni utani wenu. Nikaendelea. Nilipofika "Haikuwa yako" nilinyamaza, akasema, "Endelea, mwanangu." Nilipofika kwenye kisiki nilinyamaza tena. Akasema endelea. Nilimsomea mpaka pale ulipomwomba nisijue. Nilipasoma na pale.

Halafu akaniomba nirudie mstari wa ganda, kwamba halikuwa na rangi. Nikarudia. Akaniomba nirudie tena. Akainua mikono yake akaiweka karibu kabisa na macho, akaigeuza mbele na nyuma. Akasema, "Basi nilizipima sawa." Halafu akauliza, "Nadine, mimi hapa nakaa kwa ajili gani?" Jibu naona unalo wewe.

Nilikwenda Kettle Run Jumamosi nikawaomba wale wa Philadelphia wamrudishie nyumba. Ni watu wapole, walinipa chai, lakini nyumba ni yao na walishabomoa ukuta wa chumba cha mashine. Kwa hiyo tangu jana yuko kwetu, kwenye kochi. Pesa alizonipa zilikwenda kwa madaktari wa Merle, siwezi kumrudishia. Daktari wa nyumba ya wazee alimwuliza maswali saa nzima, akatoka nje akanishika bega, akasema huyu mzee hana tatizo, nani aliyemleta? Nikasema alijileta.

Merle nilimwambia mwenyewe. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ndiye aliyekuwa akininyoa." Tangu siku hiyo hanyoi, hata mimi amenikataza.

Jana mezani tulikuwa watatu. Merle alisimama kama alivyopanga, lakini maneno aliyojifunza hayakuwa na kazi tena, akashindwa apite wapi. Baba Mkubwa naye haoni vizuri. Walitafutana kwa mikono juu ya sahani mpaka wakapatana, bakuli la viazi likaanguka, nikaliacha palepale.

Usije Jumamosi. Usipige simu. Zile ishirini wape polisi wa huko waziharibu, usizitie mkononi mwa mtu.

Miaka saba ile hukuipata bure, na nilikuwa nimeshakusamehe kwa ajili ya mama. Hata hii ya Merle, ungesema siku ileile hospitalini, sijui, ningelia, ningekutukana, labda ungebaki baba yangu. Ulikuwa unapasua kuni zangu huku ukimwacha mtu mzima ajione mwehu.

Baba Mkubwa ameomba karatasi asubuhi hii akuandikie mwenyewe. Imemchukua muda. Naiambatisha, sijaisahihisha.

Nadine Bressler


CLETE,

NILIKUULIZA NENO MOJA TU.

ORVAL